Pale Bawabani: Mazungumzo na Wenye Magari ya Zamani na Mafundi Wao

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma na mita zenu za kupimia umeme mfukoni, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya spika za milangoni katika gari la zamani. Mwenzangu aliyetangulia amezungumzia injini, nami nikamwonea wivu, maana injini ikiugua inapiga kelele mtaa mzima ukajua. Waya wa mlangoni hauna adabu hiyo. Utafanya kazi vizuri mwaka mzima, kisha siku moja spika ya kushoto inakohoa, inanyamaza, ukiubamiza mlango inarudi. Mwenye gari ananunua spika mpya. Wiki mbili, imenyamaza tena. Ananunua redio mpya. Na muda wote huo ugonjwa uko kwenye kipande cha waya kisichozidi urefu wa kiganja, pale kati ya nguzo ya gari na mlango.

Kwa hiyo leo siuzi spika. Nilicho nacho ni kimoja tu: katika kazi hii yote, pesa, akili na subira vipelekwe bawabani. Kwingine kote waya umelala, hakuna anayeusumbua. Pale bawabani unakunjwa na kukunjuliwa kila mtu anapoingia na kutoka. Gari linalofunguliwa mlango mara kumi kwa siku, huo ni mkunjo zaidi ya elfu tatu na mia sita kwa mwaka, na hapo sijataja watoto wanaochezea mlango Jumapili.

Kwanza, tusiwalaumu waliotengeneza magari haya kwa kutotuachia njia. Mlango wa kawaida wa wakati ule haukuwa na kitu chochote kinachokula umeme. Kioo kilipandishwa kwa mkono, kufuli ilivutwa kwa fimbo ya chuma, kioo cha pembeni ulikisukuma kwa kidole. Hata taa ya ndani, swichi yake iliwekwa kwenye nguzo, haikuwekwa mlangoni. Redio yenyewe ilikuwa anasa. Ile ya kwanza ya Blaupunkt kwa magari ya Ulaya, AS 5 ya mwaka 1932, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 15. Mtu akishapata mahali pa kuuweka mzigo huo, hafikirii tena milango. Miaka mingi baadaye redio ilibaki na spika moja, katikati ya dashibodi, na watu waliridhika. Redio ya stereo ilipoanza kuingia kwenye magari ya Ulaya mwaka 1969, mengi ya magari tunayoyapenda hapa yalikuwa yameshachorwa.

Nitachukua mfano wa Peugeot 504, na sababu mnazijua. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally katika barabara zetu wenyewe, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Wafaransa waliacha kutengeneza saluni yake kwao mwaka 1983, lakini hapahapa Mombasa ziliendelea kuunganishwa baada ya hapo. Na ile ndefu ya safu tatu za viti, nani katika umri wangu hakupanda hiyo kwenda Nakuru amebanwa mlangoni? Basi mlango ule, kwa zile za kawaida za kioo cha mkono, haujawahi kuonja umeme. Unapotaka kupitisha waya, wewe ndiye wa kwanza. Na bati lile halichapwi tena kiwandani. Hilo liwe kichwani kabla ya drili kuwa mkononi.

Sasa niseme jambo ambalo fundi hatakiwi kulisema mbele ya wateja: si kila gari linastahili spika mlangoni. Kama gari lako bado lina rangi ya kiwandani na paneli za milango hazijawahi kuguswa, mimi nitakushauri uache. Zipo spika zenye koili mbili, yaani yale mazongo ya waya yanayosukuma karatasi ya spika, ndani ya mwili mmoja, zimetengenezwa makusudi zikae kwenye lile tundu la zamani la dashibodi. Upande wa kushoto wa redio unakwenda koili moja, wa kulia unakwenda nyingine, na hukutoboa kitu. Tafadhali lakini, msichukue spika ya koili moja mkaunganisha nyaya za kushoto na kulia pamoja ili “zote zisikike”. Hiyo ni njia ya haraka ya kuiua redio. Mahali pengine pazuri ni pale chini, mbele ya mlango, kwenye ubavu wa kuegemeza mguu. Unachonga kibao, unakivisha ngozi bandia ya rangi ya ndani ya gari, spika inatazama juu kidogo, na waya hauvuki bawaba hata moja. Kwenye saluni kuna ile rafu nyuma ya kiti.

Land Rover za zamani, zile za Series, ndizo sitaki hata mjadala. Mlango wake ni bati moja la aluminiamu juu ya fremu, juu yake kuna vioo vya kusukuma. Hakuna uwazi ndani. Utaweka wapi spika, kwenye paja la abiria?

Lakini naelewa kwa nini watu wanataka mlangoni. Spika ya inchi sita na nusu inahitaji hewa nyuma yake ili itoe besi, na mlango wa 504 ni kasha kubwa lililokaa bure. Kwa gari ambalo lilishapakwa rangi upya, ambalo paneli zake ni za kutengenezwa, fanya. Ila paneli ya asili, kama ipo, usiikate. Itoe, ilaze juu ya hadibodi mpya, chora kwa penseli pembe zote na matundu yote ya klipu, kata nakala, vika ngozi, toboa spika kwenye nakala. Ile ya asili ifunge kwenye nailoni uiweke juu ya kabati. Mtoto wako atakayeliuza gari siku moja atakushukuru.

Kabla ya kutoboa bodi, tafuta njia iliyopo. Mercedes ya W123, zile zilizotoka kuanzia mwaka 1976, nyingi zina kufuli za milango zinazovutwa kwa hewa, na bomba la hewa hiyo linapita kwenye raba kati ya nguzo na mlango. Ukikuta raba ile, njia umeshapewa. Nyaya mbili nyembamba zinapita ubavuni mwa bomba, mradi usilibane bomba likashindwa kuvuta kufuli. Gari lolote lililokuja na vioo vya umeme lina njia vilevile. Na hata 504 ya kawaida, chungulia kwanza. Pengine fundi wa miaka ya themanini alishapita na drili yake, tundu lipo limezibwa na kizibo cha raba au, Mungu amsamehe, kwa chingamu.

Njia haipo? Sawa, tutoboe. Ila kwanza tupime, na kifaa cha kupimia kiko jikoni. Chukua donge la unga wa chapati, lipake mafuta kidogo lising'ang'anie rangi, libandike kwenye uso wa nguzo pale unapofikiria waya utapita. Funga mlango polepole mpaka ushike kabisa. Fungua. Unene uliobaki wa donge ndio nafasi uliyonayo mlango ukiwa umefungwa. Ukikuta milimita tatu, sogea, hapo waya utasagwa. Rudia juu na chini, kati ya bawaba mbili, mpaka upate mahali penye uwazi wa kutosha raba kukaa bila kubanwa. Nimeona vijana wa vyuo wakicheka unga huu, kisha wanarudi kuuliza ulikuwa na maji kiasi gani.

Jambo la pili la kupima ni umbali kutoka kwenye pini ya bawaba. Tundu likiwa karibu na pini, waya unasogea kidogo. Likiwa mbali, unasogea sana. Chukua tundu la mlangoni na la nguzoni, kila moja sentimita 6 kutoka kwenye pini, na mlango unafunguka nyuzi 70. Mlango ukiwa wazi kabisa, matundu yale yataachana kwa karibu sentimita 7. Huo ndio urefu wa chini ambao waya lazima uwe nao wa ziada, na uongeze sentimita nne au tano juu yake. Ukiuacha umekazika, kila ufunguaji wa mlango ni kuuvuta waya kutoka kwenye spika.

Tena matundu mawili yasitazamane. Hili ndilo nataka vijana mlishike. La nguzoni liwe juu, la mlangoni liwe chini yake sentimita tano au sita, au kinyume chake nafasi ikikulazimisha. Kwa nini? Matundu yakitazamana uso kwa uso, mlango ukifungwa waya unajikunja katika nukta moja, na kila siku ni nukta ileile. Yakipishana, waya unalala kwa mshazari, na mlango unapofunguka kile kipande chote kinajisokota kidogo badala ya kuvunjika mahali pamoja. Shaba inavumilia kusokotwa taratibu kwenye urefu mrefu. Kukunjwa mahali pamoja kunaifanya iwe ngumu, kisha inapasuka uzi mmoja, wa pili, wa kumi. Ndiyo maana spika haifi ghafla. Inakohoa kwanza, kwa sababu zimebaki nyuzi tatu zinazogusana mlango ukifungwa na kuachana ukifunguliwa.

Kutoboa kwenyewe sitakaa sana, wengi mnajua. Chungulia nyuma ya bati kabla ya kugusa: nguzo ya mlango ni bati mbili zenye uwazi katikati, na ndani yake huenda pakapita nyaya za taa au kebo ya boneti. Alama kwa msumari, tundu la milimita tatu kwanza, kisha ile drili ya ngazi mpaka upate kipimo cha raba yako. Halafu usikimbie. Kingo ya bati iliyotobolewa sasa hivi ni wembe. Tupa ya duara, zungusha mpaka kidole kipite bila kukwama, halafu msasa, halafu praima ya kuzuia kutu mara mbili, halafu rangi. Hapa kwetu Pwani, hewa yenyewe ni chumvi. Bati tupu ulilolitoboa asubuhi, ukilala bila kulipaka, siku chache tu utaliona limegeuka rangi ya chai. Na kutu ya ndani ya nguzo huioni mpaka bawaba imeanza kulegea.

Mabaki ya chuma, ule unga wa drili, uondoe wote. Watu wanausahau. Kwanza unashika kutu chini ya nguzo. Pili, spika ina sumaku. Unga wa chuma ukiwa ndani ya mlango, sumaku itaukusanya, utaingia kwenye ule mwanya mwembamba ambamo koili inacheza, na utasikia spika mpya inakwaruza kama imemeza mchanga. Bandika tepu nyuma ya bati kabla ya kutoboa, na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa ipitishe baadaye.

Raba ya kupitishia waya, msinunue ile ya duara ya kuzibia tundu tu mkadhani mmemaliza. Hiyo inalinda waya kwenye kingo, haiulindi ukiwa hewani kati ya nguzo na mlango. Unataka ile ndefu yenye mikunjo, kama ya milango ya magari ya Japani ya miaka ya tisini. Gari lolote lililokwenda kwa wauza vyuma lina nne, na wenye vyuma hawajui thamani yake. Wanakupa kwa bei ya soda. Itie maji ya moto ilainike, angalia mikunjo haijapasuka, kisha toboa matundu yako kwa kipimo chake.

Sasa waya. Hapa ndipo watu wanapodanganywa na maneno ya dukani. Utaambiwa chukua mnene, mnene ndio wenye sauti. Tupige hesabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 una ukinzani wa kama omu 0.023 kwa kila mita. Kutoka redio mpaka spika ya mlango tuseme mita 3, kwenda na kurudi ni 6. Hiyo ni omu 0.14, wakati spika yenyewe ni ya omu 4. Unapoteza asilimia tatu na nusu hivi. Sikio lako halitajua, na la jirani halitajua. Ukipanda mpaka 2.5 umeokoa sehemu kubwa ya asilimia hiyo, lakini umepata waya mgumu kama fimbo ambao bawabani utapigana na raba mpaka mmoja wao apasuke. Kwa spika zinazoendeshwa na redio tu, 0.75 inatosha, 1.5 ni ukarimu.

Kinachohesabika ni wembamba wa nyuzi za ndani. Waya wa 1.5 wa kuvutia nyumba, ule wenye chuma kimoja ndani, ukikunjwa mara chache unavunjika; huo usiingie kwenye gari kabisa, si mlangoni wala popote. Waya wa ukubwa huohuo wenye nyuzi nyembamba nyingi unakunjika maelfu ya mara, kwa sababu uzi mwembamba ukipindwa hauvutiki sana upande wa nje wa mkunjo. Ukipata ule wenye ngozi ya silikoni, wanaoutumia watu wa ndege za kuchezea, chukua kwa kile kipande cha bawabani. Unabaki laini hata kwenye jua letu, wakati plastiki ya kawaida inakauka. Ubaya wake ni kwamba ngozi yake inachanika upesi, kwa hiyo ile tupa ya duara niliyowaambia, kwa huu izungushe mara mbili.

Na mjihadhari na waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Umejaa Luthuli kule Nairobi, umejaa Kariakoo kule Dar, na bei yake inavutia. Ushike: ni mwepesi kuliko unavyotarajia. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie muuzaji. Aluminiamu inavunjika upesi ikikunjwa, na ikikutana na unyevu wa mlangoni inaliwa.

Kipande cha bawabani kisiwe na kiungo. Waya mmoja, mzima, kutoka ndani ya gari mpaka ndani ya mlango. Wapo mafundi hodari wa solda, mkono wao ni dhahabu, lakini solda hupanda kati ya nyuzi na kuzifanya ziwe fimbo, na pale fimbo inapoishia ndipo waya utavunjika. Viungo viwe viwili: kimoja chini ya dashibodi, kingine ndani ya mlango, vyote vya plagi ya kuchomoa. Siku ya kupaka rangi, fundi wa bodi atautoa mlango. Asipokuta plagi atatumia koleo, na hatakupigia simu kukuuliza.

Mzee wangu hapa mbele ananyoosha mkono, anauliza habari ya vile vishikizo vya springi vinavyogusana mlango ukifungwa, kama vya milango ya kusukuma ya baadhi ya mabasi madogo. Vinafaa kwa kufuli, mzee. Kufuli inataka umeme wa sekunde moja. Muziki unapita kila wakati, na vumbi kidogo au chumvi kidogo kwenye kishikizo itakuletea mkwaruzo ambao hutaujua umetoka wapi. Na yule kijana aliyeniuliza wakati wa chai kwa nini tusitumie Bluetooth: muziki utapita hewani, ndiyo, lakini nguvu ya kusukuma spika haipiti hewani. Utajikuta unachaji milango.

Tuingie ndani ya mlango, na kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba mle ndani kunanyesha. Mvua inayoteremka kwenye kioo haizuiwi yote na ile raba ya juu. Inaingia, inateremka, inatokea kwenye matundu madogo chini kabisa ya mlango. Hivyo ndivyo mlango ulivyokusudiwa. Yale matundu yazibueni kwa kijiti. Spika ivishwe kofia ya plastiki kwa juu nyuma yake, karatasi yake isilowe. Waya ukitoka kwenye tundu la nguzo uteremke kwanza kabla ya kupanda kwenye spika, ili maji yakiufuata yadondokee chini, yasiende kwenye spika wala kurudi kwenye redio. Na ile nailoni nyuma ya paneli, ambayo mafundi wengi huichana na kuitupa, irudishwe. Ndiyo inayozuia hadibodi isivimbe. Ukikuta gari paneli zimepinda kama mbao za mtumbwi, mtu alitupa nailoni.

Kioo kiteremshwe mpaka mwisho kabla ya kukata tundu la spika. Ingiza rula kutoka upande wa paneli mpaka kwenye kioo, upate kina. Spika ya inchi sita na nusu inahitaji sentimita tano mpaka saba. Volkswagen Kobe, mlango wake ni mwembamba, ndipo sumaku na kioo vinapokutana. Waya ufungwe kwenye bati la ndani kwa klipu, mbali na mkono wa kupandishia kioo. Zungusha kioo juu na chini mara kadhaa huku ukimulika tochi mle ndani. Ukiona waya unatikisika tu, hata haujaguswa bado, ufunge upya.

Sasa niwaeleze kwa nini mchubuko mdogo bawabani ni jambo kubwa leo kuliko zamani. Kwenye redio nyingi za zamani, mguu mmoja wa spika uliungwa kwenye bodi la gari, kwa hiyo waya wa upande huo ukigusa bati hakuna aliyejua. Redio ya kisasa haiko hivyo. Nyaya zote mbili za spika zina umeme, kila mmoja umekaa karibu nusu ya volti za betri, na chipu inauvuta mmoja juu wakati inauvuta mwingine chini. Hakuna hata mmoja kati yake unaoruhusiwa kugusa bodi. Waya ukichubuka bawabani na ukagusa nguzo, redio nzuri itajizima ikijilinda. Redio ya bei ya kutupa itaungua. Kwa hiyo, kijana, ukikuta gari la zamani ambalo spika yake ya dashibodi ina waya mmoja tu unaotoka kwenye redio na wa pili umefungwa kwa skrubu kwenye bati, usiunganishe redio mpya hapo. Vuta nyaya mbili mpya.

Na kabla ya hilo, angalia ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Morris Minor na Land Rover za miaka ya hamsini zina chanya kwenye bodi. Redio ya leo inataka hasi kwenye bodi, na kasha lake lenyewe ni hasi. Ukilifunga kwa skrubu kwenye dashibodi ya Morris ambayo haijageuzwa, umeshaunganisha chanya ya betri moja kwa moja na hasi yake. Kobe nyingi za kabla ya mwaka 1967 ni za volti 6, hapo redio ya volti 12 haitaamka kabisa.

Kuhusu nguvu, sitaki kuharibu biashara ya mtu, lakini kasha linaloandikwa “wati 50 mara nne” ni maneno ya karatasini. Gari likiwa linachaji lina kama volti 14.4. Kwa volti hizo na spika ya omu 4, bila amplifaya ya pembeni, hesabu haivuki wati 26 hata kama hakuna kinachopotea njiani. Kwa kweli utapata chini ya 20. Hiyo inatosha sana ndani ya 504. Anayetaka amplifaya kubwa kwenye Land Rover yenye dainamo ya Lucas C40 akumbuke kwamba dainamo ile inatoa ampea 22 ikiwa na afya. Taa kubwa, wipa na koili ya injini vinataka sehemu yake kabla ya muziki, na usiku wa mvua vyote vinadai kwa pamoja.

Mkishafunga, kabla ya kurudisha paneli, chukueni betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti. Upande wa redio, zikiwa bado hazijachomekwa, gusisha chanya ya betri kwenye waya mlioutia alama ya chanya, hasi kwenye mwenzake, mara moja tu. Mwenzako aangalie spika. Karatasi ikiruka kwenda nje, nyaya ziko sawa. Ikinywea ndani, mlizipindua. Spika moja ikienda nje na nyingine ndani wakati muziki unapiga, besi za milango miwili zinauana, na utasikia sauti nyembamba isiyo na tumbo. Wengi wanaolalamika kwamba spika za milangoni hazina besi, hawana tatizo la spika. Dawa yake ni kugeuza nyaya za upande mmoja.

Halafu mita. Iweke kwenye omu, ncha moja kwenye waya wa spika, nyingine kwenye waya mwenzake: kwa spika ya omu 4 utasoma tatu na kitu. Acha ncha hizo hapohapo, mwambie mwenzako afungue na kufunga mlango, polepole kwanza, kisha kwa nguvu kama abiria aliyenyimwa chenji. Namba isicheze. Kisha hamisha ncha moja uiweke kwenye bati tupu la gari, na mlango ufunguliwe na kufungwa tena. Hapo mita isisome chochote, mlango ukiwa wazi, ukiwa nusu, ukiwa umefungwa. Ikisoma hata kidogo, redio isichomekwe. Toa raba, vuta waya taratibu mbele ya tochi, utaukuta mchubuko upande wa ndani wa mkunjo, karibu na kingo ya tundu. Usiuzungushie tepu. Badilisha kipande chote, kutoka plagi mpaka plagi.

Maswali mengine tuyachukue kwenye gari lenyewe, mlango wa kulia nimeshautoa paneli.